Meli Si Ua wa Baba

Kitanda kilikuwa kitupu!

Naam, msomaji wangu, hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita. Teodora amesimama mlangoni pa chumba chake pale Lyamkena, kapu la sokoni mkononi, anatazama kitanda alichomlaza mwanawe asubuhi ileile. Mtoto hayupo. Bibi wa mtoto, mama mkwe wa Teodora aliyekuja kuwatembelea, hayupo. Hata paka wa jirani, ambaye hakosi kulala pale dirishani, naye hayupo.

"Mama!" aliita. "Mama Esteria!"

Kimya.

Alikimbilia ukutani. Kadi ya kliniki iliyokuwa ikining'inia kwenye msumari haipo. Blanketi la njano halipo. Chupa ya chai haipo. Begi la safari limebaki palepale lilipokuwa, lakini limefunguliwa, na nguo zote za mtoto zimeondolewa moja moja bila kuvuruga za wakubwa. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa na utulivu wa mtu anayechambua mchele.

Simu ikalia kwenye kapu, katikati ya nyanya. Ulikuwa ujumbe, na Mama Esteria huandika ujumbe wake wote kwa herufi kubwa kama tangazo la mkutano wa kijiji.

"MTOTO HAENDI MAJINI. TUKO NJOMBE. MSITUFUATE."

Teodora aliketi sakafuni.

Kama wiki zilizopita ulikuwa shambani, nakupa kwa ufupi. Mtoto anaitwa Peace, ana miezi mitano, na anajua kucheka kuliko anavyojua kulala. Jumatatu ya kesho kutwa, wazazi wake wanapanda meli bandarini Kiwira kwa safari ya siku tatu ya kutalii Ziwa Nyasa, kwenda Mbamba Bay na kurudi. Chumba cha vitanda viwili, dirisha linalotazama maji, samaki wa kuchoma sitahani. Ni safari yao ya kwanza ya meli, na Sadock, mume mtu, fundi wa magari pale njia panda ya Makambako, anaiita fungate. Walipofunga ndoa hawakupata hata siku moja ya kupumzika, kwa hiyo fungate hiyo imechelewa miaka miwili na imeongezeka mtu mmoja.

Hayo ndiyo anayoyajua Sadock. Sasa sikia asiyoyajua.

Meli ile husimama Lupingu kwa saa moja. Lupingu ndiko alikozaliwa Teodora. Na huko yuko baba yake, Mzee Ambrose, ambaye hajamsemesha binti yake tangu siku ya posa.

Siku ile mzee aliteremsha ulanzi, pombe ya mianzi, kutoka milimani, mitungi miwili, vijana wakabeba mabegani kutwa nzima kwa ajili ya wageni. Wageni walikuwa Walutheri wa Njombe, na aliyewaongoza alikuwa Mama Esteria, mama yake Sadock, mzee wa kanisa, mjane. Mzee Ambrose alijaza kikombe kwa mkono wake mwenyewe akampa. Mama Esteria akakisukuma kwa kidole kimoja. Hakusema samahani, hakusema chochote. Kikombe kikasogea mezani mbele ya ukoo mzima, na posa ikafia pale.

"Aliyekataa kikombe changu asikanyage ua wangu," mzee aliapa. "Yeye wala damu yake."

Teodora na Sadock walioana hata hivyo. Peace akazaliwa, na Peace ni damu ya Mama Esteria. Kiapo kikamkumba akiwa na siku moja duniani.

Ni mama yake Teodora, Mama Oliva, aliyeona upenyo. Alimpigia binti yake simu mwezi uliopita, ananong'ona kama mwizi. "Mwanangu, baba yako aliapa juu ya ua. Meli si ua. Nimemwambia hivyo. Alinyamaza siku tatu. Leo asubuhi kasema, mtumbwi wangu una nafasi."

Basi ndiyo mpango wenyewe. Meli itatia nanga mbele ya Lupingu, mzee atafika kwa mtumbwi, atapanda sitahani, atampakata mjukuu wake bila kuvunja neno. Saa moja inatosha. Na ni lazima iwe sasa, maana macho ya Mzee Ambrose yanazimika. La kushoto limeshakwenda. La kulia linaona kwa shida, na daktari amemwambia asitegemee kuwa nalo mwakani. Mzee anataka kuuona uso wa mjukuu wake akiwa bado anaona uso wa mtu.

Na mtoto mwenyewe ndiye huyo, yuko Njombe, amebebwa mgongoni na bibi aliyesukuma kikombe.

Maziwa yalianza kumjaa Teodora kifuani. Saa ya kunyonya ilikuwa imefika.

"Mke wangu! Njoo uone!"

Sadock aliingia kwa kishindo, uso umejaa tabasamu, mkononi ameshika kitu cha rangi ya chungwa. Kilikuwa kijaketi kidogo chenye mikanda miwili na vifungo vya begi la shule.

"Jaketi okozi la Peace! Yule Janeth wa tiketi alisema melini majaketi ya watoto hayana uhakika, nikampa fundi cherehani kipande cha godoro letu la zamani. Tazama kazi! Tazama mshono!" Akamtazama. "Mbona umekaa chini? Peace yuko wapi?"

Teodora alimpa simu. Sadock akasoma, tabasamu likamtoka polepole.

"Mama amekuwaje?" Akapiga. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. "Jana kaniambia Peace ana kikohozi. Nikamwambia mtoto alikohoa mara moja, mama, mara moja!"

"Atamnyonyesha nini, Sadock? Peace hajaanza hata uji!"

Kabla hajajibu, simu yake ikaita. Ni Janeth, binti wa ofisi ya safari pale Njombe, anayeongea kama anakimbizwa.

"Kaka Sadock, orodha ya abiria inafungwa leo saa kumi. Nina majina yenu, ya mtoto sina. Nahitaji kadi ya kliniki niione kwa macho. Bila kadi mtoto hapandi, na saa kumi ikipita siwezi kuongeza wala kupunguza mtu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

Sadock aliitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro. Akakuna kichwa, akamtazama mkewe, na msomaji wangu, mwanamume huyu mwema akasema neno baya kuliko yote ambayo angeweza kusema siku ile.

"Sasa kwa nini tusimwache?"

"Nini?"

"Siku tatu tu. Mama analea vizuri, maziwa ya kopo yapo. Twende wawili. Fungate ya kweli, Teo. Si ndiyo tuliyokuwa tukiitaka?"

Alikuwa anatabasamu tena. Hakuwa na kosa. Angejuaje?

Teodora alijaribu kusema kitu chepesi. Alitafuta sababu ndogo, ya maziwa, ya baridi, ya kumzoea mtoto. Badala yake alilia. Alilia kwa sauti, kapu la nyanya mapajani, mpaka Sadock akapiga magoti mbele yake na lile jaketi lake la godoro.

"Nani amekufa?" aliuliza Sadock. "Sema tu. Nani?"

"Baba anakuja melini," alisema Teodora. "Lupingu. Anakuja kumwona Peace. Macho yanamwishia, Sadock. Bila Peace mimi sina safari."

Akamwaga yote. Simu za Mama Oliva, ule mtumbwi, kiapo cha ua. Sadock alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akainuka akaenda dirishani, akampa mgongo.

"Kwa hiyo fungate yangu ni mkutano wa baba yako."

"Nisamehe."

"Miezi minne nachagua chumba chenye dirisha. Namuuliza Janeth kama vitanda vinatosha watu wawili na mtoto. Nampelekea picha ya beseni la kuogeshea, kama litapita mlangoni. Wewe ulikuwa unachagua nini?"

Teodora alimpenda mume wake na alikuwa amemficha, na vyote viwili vilikuwa kweli wakati mmoja. Alijisikia mdogo.

Sadock akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa ukipigana na kicheko.

"Ule ulanzi," alisema, "mimi niliunywa. Nyuma ya nyumba, na kaka zako. Vikombe vitatu. Ulikuwa mtamu sana. Ningeulizwa mimi, posa ile isingevunjika." Akachukua funguo za gari la gereji. "Simama. Twende tukamchukue mtoto wetu."

Mvua ya mwezi wa nne iliwasindikiza njia nzima. Gari la gereji lina kioo kimoja tu kinachofunga, na Teodora alikaa upande usiofunga. Hakusikia baridi. Alikuwa akihesabu dakika na akiomba rozari kwa vidole.

Saa nane na nusu walisimama mbele ya nyumba ya Mama Esteria, mtaa wa Mjimwema mjini Njombe.

Bibi alikuwa barazani, miguu kwenye kipande cha mkeka, anafuma sweta. Peace alikuwa mgongoni kwake, amelala fofofo, shavu limejikunja begani, kana kwamba dunia haina meli wala viapo.

"Kamwene," alisalimia Mama Esteria bila kuinua macho. "Niliandika msitufuate. Mmefika haraka."

"Shikamoo mama," alisema Teodora.

"Marahaba. Mchukue anyonye, umeshaloa kifua. Nilimpa maji ya vuguvugu, akanitemea."

Teodora alimfungua mtoto kutoka mgongoni, akaketi kwenye kigoda, akamnyonyesha. Hapo akaweza kupumua. Lakini kadi ya kliniki aliiona, imechomekwa kifuani kwa Mama Esteria, pembe yake imetokeza kwenye kanga. Bila kadi, mtoto aliye mikononi ni sawa na mtoto asiyekuwapo.

Sadock akapiga moyo konde. "Mama, tumekuja kwa heshima. Tunaomba kadi. Mtoto ni mzima, na kuhusu maji usiwe na hofu kabisa. Nimemshonea hili."

Akatoa jaketi la rangi ya chungwa, akalinyoosha mbele ya mama yake kama mhitimu anayeonyesha cheti.

Mama Esteria alilipokea. Akalibonyeza. Akalinusa. Akainuka bila neno, akaenda kwenye beseni lililokuwa likikinga maji ya mvua chini ya bati, akaliweka juu ya maji.

Lilielea.

"Umeona!" alisema Sadock.

"Ngoja," alisema Mama Esteria.

Wakangoja. Jaketi likaanza kunywa maji, taratibu, bila haraka, upande mmoja kisha wa pili. Likainama. Likazama mpaka chini ya beseni, mikanda ikafuata, na viputo vitatu vikapanda juu.

Peace aliendelea kunyonya.

"Sponji ya godoro," alisema Mama Esteria. "Mnakwenda kumtembeza au kumzamisha?"

Teodora alihisi vicheko na machozi vinamjia kwa pamoja. Mume wake amesimama pale, mikono imelegea, fundi anayefungua injini ya lori na kuifunga gizani, ameshindwa na beseni. Nani angemwamini mtoto mikononi mwa watu wa namna hii? Hata yeye mwenyewe alianza kuona labda mama mkwe ana haki.

"Basi, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Basi. Hatuendi."

Mama Esteria alifuta mikono kwenye kanga. Akamtazama mkwewe kwa muda mrefu.

"Unakata tamaa upesi hivyo? Na baba yako atakaa kwenye mtumbwi akingoja nani?"

Aa, msomaji wangu! Ungekuwepo ungesikia moyo wa Teodora ulivyogonga.

"Mama... unajua?"

"Ulipokuja na mumeo ofisini kwa yule binti Janeth, si nilikuwa nimekaa pale na mtoto? Ulimuuliza mara tatu meli inasimama Lupingu kwa muda gani. Mtu wa fungate haulizi Lupingu. Na meli haifiki ufukweni pale, watu huifuata kwa mitumbwi."

"Kwa nini basi ulimchukua Peace?"

"Kwa sababu mlitaka kumpeleka kama mtoto wa kuokota!" Sasa sauti ilipanda. "Mjukuu wangu anakwenda kuonyeshwa kwa babu yake mara ya kwanza, na upande wa baba yake hakuna mzee hata mmoja wa kusema huyu ni wetu? Atasemaje yule mzee? Atasema watu hawa wakati wa posa hawana adabu, na wakati wa mtoto hawaonekani. Nilijua nikiwaambia nataka kwenda mtaanza kutazamana. Nikaona nimchukue mtoto, mje wenyewe."

Akachomoa kadi ya kliniki kifuani. Akachomoa na kitambulisho chake cha taifa, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Akampa Sadock vyote viwili.

"Nenda kwa yule binti. Mwandikishe mtoto, na mimi. Chumba sitaki, nitakaa sitahani na blanketi langu. Na mwulize jaketi la kweli. La kiwandani, si la fundi cherehani."

Sadock alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye. Ndiyo, walitazamana, kama bibi alivyotabiri. Safari ya wawili ilikuwa imekuwa ya watatu, sasa ni ya wanne, na mmoja wao ndiye mwanamke yule yule ambaye Mzee Ambrose aliapa kutomwona uani kwake.

"Mama, na kile kikombe?" aliuliza Sadock.

"Nitamwomba radhi. Nitapiga goti kama hapana budi. Mimi ni mtu mzima, nilimkosea mtu mzima mwenzangu mbele ya watu. Nenda, saa inakwenda!"

Sadock alitoka mbio. Gari liliwaka mara ya tatu, likapotea kwenye tope.

Na Teodora, masikini, alifurahi. Furaha ilimpanda kichwani kama homa. Baba yake ataombwa radhi! Si mtoto tu atakayepokelewa, hata ua utafunguliwa! Mkono mmoja umemshika mtoto, wa pili ukachukua simu, na kabla hajafikiri akamwandikia mama yake: "Mama mkwe anakuja nasi melini. Anataka kumwomba baba radhi. Mungu ni mwema!"

Akatuma.

Kumbuka ujumbe huo. Kidole kimoja tu kiliutuma, na hakuna kidole kinachoweza kuurudisha.

Mama Esteria alirudi kwenye mkeka, akaokota sindano zake za kufumia. Alifuma mistari miwili, kisha akaziweka chini.

"Nikuambie jambo, Mama Peace. Na likae kwako."

"Niambie, mama."

"Sikukisukuma kikombe kwa dharau. Baba yake Sadock nilimkuta mtaroni, barabara ya Songea, asubuhi moja ya mwezi kama huu. Amelala kifudifudi kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu. Harufu ya ulanzi ilikuwa kwenye shati lake hata baada ya kufuliwa. Siku tuliyomzika nilisimama mbele ya usharika mzima nikamwahidi Mungu kwamba midomo yangu haitagusa pombe, mpaka nami nizikwe."

"Sadock aliniambia baba yake aligongwa na gari."

"Ndivyo alivyoambiwa. Alikuwa na miaka sita, anampenda baba yake kupita kiasi. Nilidanganya siku moja, na siku moja ikawa miaka ishirini na mitano. Sasa siku ile ya posa baba yako ananipa kikombe, Sadock amekaa ubavuni kwangu. Ningesema nini? Ningeeleza, mwanangu angesikia. Ningekunywa, ningemdanganya Mungu. Nikasukuma." Akafuta jicho kwa ncha ya kanga, haraka, kama mtu anayefukuza inzi. "Kwa hiyo nitamwomba radhi baba yako kwa kila kitu. Nitapiga magoti. Kitu kimoja tu, asinipe kile kikombe. Hicho sitaweza. Hata kwa ajili ya huyu." Akamgusa Peace unyayo.

Teodora alitikisa kichwa kukubali. Alitaka kumkumbatia mwanamke huyu. Miaka miwili alimwona kama ukuta, na kumbe nyuma ya ukuta kulikuwa na mtu amesimama peke yake kwenye mtaro.

Simu ikatetema. Ujumbe wa Sadock: "Tayari! Majina yote manne yameingia. Jaketi la mtoto lipo bandarini. Orodha imefungwa."

"Mwandikishaji kamaliza," alisema Teodora akicheka. "Tumeingia sote, mama."

Mama Esteria alicheka pia. Akainuka kwenda ndani, na Teodora akamsikia akifungua sanduku. Alitoka na kitenge cha zambarau, kile cha Pasaka, kimenyooshwa mistari.

"Hiki kitafaa? Si kizuri sana, akadhani najionyesha?"

"Kitafaa sana, mama."

Simu ikaita. Mama Oliva, kutoka Lupingu. Teodora aliipokea kwa furaha, akaibana kati ya sikio na bega.

"Mama! Umeona ujumbe?"

"Mwanangu, nimefanya kosa." Sauti ya Mama Oliva ilikuwa imekauka. "Baba yako siku hizi hasomi, mimi ndiye ninayemsomea. Simu ikalia, akaniambia soma. Nikaanza kusoma kabla sijaona kilichoandikwa. Nilipofika katikati ilikuwa nimechelewa."

Tabasamu la Teodora lilibaki usoni kwa sababu Mama Esteria alikuwa akimtazama.

"Akasemaje?"

"Akamwita kaka yako Severini, akamtuma milimani. Unajua amemtuma nini, Teodora? Unajua?"

Teodora alijua. Mwezi wa nne, mianzi inatiririka ulanzi. Katika kijiji kizima hakuna mtu wa kutumwa milimani kwa jambo lingine.

Mama Esteria alirudi ndani kwenye sanduku, na Teodora akanong'ona, "Mama, mwambie asifanye hivyo. Mwambie—"

"Anataka simu. Teodora, baba yako anataka simu."

Kukawa na mkwaruzo, kama mtu anayepapasa kitu asichokiona vizuri. Kisha pumzi nzito. Teodora aliijua pumzi ile kabla haijawa sauti. Miaka miwili alikuwa akiisikia usingizini tu.

"Teodora."

"Shikamoo, baba."

Upepo wa ziwa ulisikika kwenye simu.

"Marahaba."

Machozi yalimtiririka Teodora, na hakuyafuta. Peace aliachia titi, akatoa ile sauti yake ya kushiba, nusu kicheko nusu kelele.

"Huyo ndiye?" aliuliza mzee.

"Ndiye, baba."

"Ana sauti." Ilikuwa sauti ya mtu mwingine kabisa, laini, ya zamani. Lakini ilikaa kidogo tu. Alipoendelea alikuwa Mzee Ambrose wa siku ya kiapo. "Sikiliza. Mwambie mama mkwe wako nimefurahi anakuja. Nakuja na kikombe kile kile. Nilikiweka, hakijatumiwa na mtu tangu siku ile. Akinywa, yamekwisha, ua wangu ni wenu wote. Akikisukuma tena, sipandi hiyo meli. Nitageuza mtumbwi pale pale, na mtoto huyo sitamgusa wala sitamtazama, hata jicho hili likizimika kesho yake."

"Baba," alinong'ona, "kuna jambo hulijui. Baba, ngoja—"

Simu ilikatika.

Teodora aliinua macho. Mama Esteria alikuwa ametoka tena na kusimama mbele yake, kitenge cha Pasaka kimekumbatiwa kifuani, uso umejaa matumaini kama wa msichana anayesubiri majibu ya mtihani. Lile jaketi la godoro lilikuwa bado chini ya beseni. Orodha imefungwa, hakuna wa kuongezwa wala kupunguzwa.

"Alikuwa baba yako mwenyewe?" aliuliza. "Nimesikia ulivyoamkia. Anasemaje? Amekubali nije?"

Aseme ukweli, na bibi huyu atashuka kwenye safari, na mzee atasema wamemkimbia tena. Anyamaze, na kikombe kitapanda sitahani mbele ya watu wote, mbele ya Sadock. Peace alimtazama mama yake kutoka chini, macho mawili makubwa, mazima, yanaona kila kitu.

"Amekubali, mama," alisema Teodora. "Amesema amefurahi."

"Na kuhusu kikombe? Hajakitaja?"

Teodora alimbeba mtoto begani, akaanza kumpiga mgongoni taratibu ili acheue.

"Hapana, mama," alisema. "Hajakitaja."